Seva Kuu ya Vituo Vinane

Jumatatu, 6 Novemba

Seva imefika leo, siku kumi na tisa baada ya tarehe ya mkataba, imelazwa ubavu juu ya magunia ya vitunguu kwenye buti la basi. Nimeipokea mwenyewe stendi. Utingo kaniuliza hii ni friji ya aina gani isiyokuwa na mlango. Nilikuwa nimechoka, hata kucheka sikuweza.

Daftari hili nimelinunua ili nisiendelee kugombana na watu. Likipotea, mwenye kuliokota ajue ni la Yustina, fundi wa mitandao, mtu wa Bukoba, niliyeletwa Mtwara kwa miezi mitatu kuifungia hospitali ya misheni seva kuu. Hospitali ina zahanati nane, kuanzia karibu na mji mpaka huko mto Ruvuma unakoingia baharini. Kila zahanati itakuwa na antena yake na kompyuta yake. Seva kuu ndiyo itakayozisimamia zote. Kila dakika tano itauliza kila kituo, "Upo?" Kikijibu, kwenye kioo inawaka taa ya kijani. Kisipojibu, nyekundu, na simu ya mtu inalia. Hiyo ndiyo kazi nzima, na mwongozo wake una kurasa mia nne na kumi na mbili.

8 Novemba

Dokta Mathayo, mganga mkuu, kaniita ofisini kunieleza kwa nini ananisukuma. Mvua kubwa zikianza, mto hupanda na barabara za bondeni hufungwa. Hospitali ina boti moja tu, na dereva mmoja, Shabani. Mwaka jana boti ilipelekwa kituo cha magharibi wakati mgonjwa yuko mashariki, na mama mmoja akafa pamoja na mtoto wake tumboni.

"Boti sina uwezo wa kuongeza," kaniambia. "Ninachotaka ni kujua mapema nani anaihitaji. Katikati ya Desemba iwe tayari, Yustina. Mto hausomi mkataba."

Nikamjibu itakuwa tayari. Mafundi wote tuna ugonjwa huo wa kujibu kabla hatujafungua boksi.

10 Novemba

Umeme umekatika mara nne. Mfumo endeshi, ile programu mama ya seva, nimeufunga upya mara mbili.

14 Novemba

Chumba nilichopewa si changu. Ni cha Bi Zuhura, mama wa Magomeni ya hapa hapa Mtwara, mtu mzima, ambaye kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiita vituo kwa redio na simu kila asubuhi. Ana meza yake, mto wake wa kukalia, na mafaili yaliyoliwa na mende. Seva yangu imewekwa kona ile ya pili, chini ya kiyoyozi, naye anaitazama kama mke mwenza.

"Shikamoo Bi Zuhura."

"Marahaba, Mhaya wangu. Hilo kabati lako limekunywa chai? Maana tangu jana linanguruma tu."

Utani nauweza, ila kelele zake siziwezi. Leo nimempima kwa saa. Kituo kimoja dakika kumi na moja! Anauliza habari za asubuhi, anaambiwa salama. Anauliza za watoto, salama. Za mvua, salama, za shamba, salama. Halafu ananyamaza, anajikuna mgongo kwa kalamu, simu iko sikioni, kimya kitupu, na salio linakwenda. Mara huko upande wa pili mtu anaanza kueleza kwamba betri ya sola imekufa tangu juzi.

Si aseme mwanzo? Vituo vinane, saa moja na nusu. Mashine yangu itavimaliza vyote kabla yeye hajafungua chupa ya chai.

17 Novemba

Kiyoyozi kinavujia juu ya seva. Nimeweka beseni.

21 Novemba

Nimerudi mwanzo kwa mara ya nne. Kumbe jina la seva ukishalikubali haligeuziki, na hifadhidata nayo imekataa jina nililoipa. Ukilibadilisha huku, kule haikutambui. Ukilibadilisha kule, leseni inakufa. Nimewapigia waliotuuzia programu, huko Dar. Kijana mwenye sauti laini kaniuliza, "Dada, umesoma mwongozo?" Nimekata simu kabla sijamtukana.

Nimefuta kila kitu. Anwani ya kudumu, kadi mbili za mtandao, saa ya mashine, milango ya kupitishia taarifa, vyote upya. Jioni nilitembea ufukweni Shangani kupunga upepo, na kichwani nikawa nahesabu hatua za kufunga hifadhidata. Watu wanapita na watoto wao na mishikaki. Nimekonda.

27 Novemba

Siku tatu nilikuwa Namlonde, zahanati ya mwisho kabisa, mikoko huku na mpunga huku. Nilikwenda kufunga antena na programu ndogo inayoijibu seva. Barabara bado inapitika, ingawa gari lilikwama mara mbili na nikasukuma na mimi.

Muuguzi wa pale anaitwa Raheli. Ni wa Njombe, ana miaka ishirini na tisa, na analilia baridi ya kwao kama mtu anavyomlilia marehemu. Yuko peke yake na mlinzi. Kanipikia ugali wa muhogo na kamba, akanipa kitanda chake, yeye akalala kwenye kile cha wodi. Simu huko ni ya kuviziwa: ukisimama pembe ya baraza la wodi ya wazazi ujumbe mfupi unapita, lakini ukipiga sauti inakatikakatika kisha inapotea.

Nilimkataza kuchomoa waya radi zikianza, maana huo ndio mtindo wa vituo vyote, wingu likitanda tu kila kitu nje. Kakubali. Wakati nafunga mizigo akaniambia, "Mimi dada sikuombi makubwa. Nikiita, nisikike. Basi."

Nikamwambia mashine itamsikia hata akikohoa. Nilikuwa najisifu, lakini pia nilikuwa nimempenda. Ni mtu wa kwanza mkoa huu ambaye sikumwona kama kazi.

28 Novemba

Taa nane, zote kijani. Nimelala saa kumi na mbili mfululizo.

2 Desemba

Dokta Mathayo kaona taa, kafurahi, kaongeza kazi. Sasa anataka seva ipokee na taarifa ya kila asubuhi kutoka kwa waganga na wauguzi, kwa ujumbe mfupi, kwa sababu antena inaweza kuwa nzima na mgonjwa anakufa. Ana haki. Nikaandaa jambo rahisi: kila asubuhi saa mbili tuma 1 kama hali ni salama, tuma 2 kama kuna shida. Ukituma 2, taa inakuwa nyekundu na simu ya Shabani inalia.

Nimewafundisha wote, mmoja mmoja. Leo asubuhi nimepokea jumbe nane. Hakuna hata mmoja wenye namba peke yake. "Habari za asubuhi dada, sisi huku salama kabisa." "Salama, tunamshukuru Mungu, pole na kazi." Mmoja kaandika "1 na 2". Nimempigia kumuuliza maana yake, kanijibu kwamba hali ni salama lakini shida ndogondogo hazikosi. Mwingine anauliza kama namba hiyo ni ya yule dada wa antena, na anasema nimesahau bisibisi kwake.

Hakuna anayetaka kuniambia moja. Wanaona ni kukosa adabu.

4 Desemba

Siku tatu za kubembeleza namba, na bado ni salamu tu. Seva haielewi, inaweka taa ya njano kwa wote, na Dokta anauliza kwa nini mti wa Krismasi umewahi.

Basi nimeandika sheria mpya. Ujumbe wowote wenye neno "salama" ndani yake, kijani. Usio na hilo lakini una neno "shida", "mgonjwa" au "boti", nyekundu. Usio na lolote kati ya hayo, taa inabaki ilivyokuwa. Na kila anayetuma anajibiwa papo hapo: *Taarifa yako imepokelewa. Asante.* Nimejaribu mara ishirini, imekubali mara ishirini. Bega linaniuma. Nikifika Bukoba Krismasi hii nitamlalia mama yangu mapajani.

7 Desemba

Seva imekaguliwa na kukubaliwa. Dokta Mathayo kanipa mkono mbele ya wafanyakazi wote. Kisha akasema kuanzia kesho kuita vituo kwa redio na simu kumekwisha, Bi Zuhura atahamia mapokezi.

Nilimsaidia kubeba vitu vyake. Mto, chupa ya chai, kanga, miwani miwili mibovu. Nilidhani atanisema. Akaniuliza tu, "Na kabati lako, likisalimiwa, linanyamaza kidogo?"

"Linajibu hapo hapo, Bi Zuhura. Sekunde moja."

"Sekunde moja," kasema. "Haya."

Nilijua kaumia, nikaona kwamba ni wivu wa kawaida wa mtu aliyepitwa na kazi yake. Chumba sasa kimya. Nimekipenda.

10 Desemba

Mvua. Kijani.

13 Desemba

Mvua usiku kucha. Barabara ya Namlonde imefungwa. Boti ya Shabani imeanza kazi. Kituo kimoja kiliwaka nyekundu kwa mtoto aliyeumwa na nyoka, Shabani akawahi, mtoto mzima. Mashine imelipa. Dokta kaninunulia soda.

16 Desemba

Kijani. Nimekata tiketi ya tarehe ishirini na mbili.

18 Desemba

Kijani. Mvua. Nguo hazikauki.

Jumatano, 20 Desemba

Nataka niandike kwa mpangilio, maana najua kesho nitaanza kujitetea.

Asubuhi taa zote zilikuwa kijani kufikia saa mbili na robo. Nikakaa kuandika taarifa ya kukabidhi kazi. Mchana nikala wali maharage papo hapo mezani, macho kwenye kioo. Saa tisa alasiri nilishuka mapokezi kutafuta mihuri. Bi Zuhura alikuwa anapanga kadi za wagonjwa. Hatukuwa tumezungumza sana tangu ahame.

"Raheli kasemaje leo?" akaniuliza.

"Namlonde iko kijani."

"Sikukuuliza rangi. Nimekuuliza kasemaje."

"Bi Zuhura, kasema salama. Ndiyo maana ni kijani."

"Salama, halafu?"

Nikashikwa na hasira. Nilikuwa nimechoka, na nilitaka mihuri. Nikamwambia twende nimwonyeshe, ili aache. Tukapanda wote. Nikabofya taa ya Namlonde, ukafunguka ujumbe, na sikuwa nimeufungua ujumbe hata mmoja tangu ile sheria ianze kufanya kazi. Sheria ilikuwa inanisomea.

Saa mbili na dakika nne asubuhi: *Habari za asubuhi dada. Hapa salama, mvua tu. Ila nina mama amejifungua alfajiri, kondo halijatoka, damu nyingi. Mto umefunga. Naomba boti mapema.*

Chini yake: *Taarifa yako imepokelewa. Asante.*

Saa nne na dakika kumi: *Dada, salama? Boti imeshatoka?*

*Taarifa yako imepokelewa. Asante.*

Saa saba kasoro dakika tano: *Dada?*

*Taarifa yako imepokelewa. Asante.*

Bi Zuhura alisoma polepole, midomo ikicheza. Alikuwa ameshachukua simu yangu mezani na kumpigia Shabani kabla mimi sijainuka kitini. Nilimsikia: "Shabani, baba, acha kula. Namlonde. Acha kula nakwambia!"

Boti imeondoka saa tisa na nusu na daktari mmoja na chupa mbili za damu. Mpaka Namlonde ni saa mbili na nusu mto ukiwa hivi. Mimi nimebaki hapa na kioo. Namlonde bado ni kijani. Sijaigusa.

Ila. Neno lenyewe ni hilo. Baba alipofariki nyumbani kwetu mimi nilikuwa Dar, na mjomba alipopiga simu nilimuuliza habari za huko, akajibu nzuri. Akaniuliza za Dar, nikamjibu nzuri. Kisha ndipo akasema, "Ila mzee ametutoka." Nimeishi na desturi hiyo maisha yangu yote. Shida haitangulii salamu. Nilijua, na siku ya kuandika sheria nikasahau kwamba najua.

21 Desemba

Amekufa. Anaitwa Latifa, miaka ishirini na minne, mkulima. Alikata roho saa kumi na moja jioni. Boti ilifika saa kumi na mbili kasoro kidogo. Mtoto ni mzima, wa kike.

Shabani ndiye aliyenieleza, akiwa amesimama mlangoni na koti likichuruzika maji. Saa nne mumewe, Amiri, alitaka kumpakia mtumbwini amvushe hadi kijiji cha pili penye gari. Raheli alimzuia. Alimwonyesha simu. Alimwambia imepokelewa, wanakuja.

Hilo ndilo siwezi kulimeza. Bila mashine yangu wangejaribu mtumbwi.

22 Desemba

Basi limeondoka bila mimi.

Wale wa Dar wamepitia kumbukumbu na kuandika kwamba programu ilifanya kazi kwa asilimia mia moja katika kipindi chote. Ni kweli. Ilitii kila nilichoiandikia. Dokta Mathayo kaniletea fomu ya tukio. Kwenye "Chanzo" yeye alikuwa ameshaandika kwa penseli: *hali mbaya ya mawasiliano kutokana na mvua*. Alisema anajaribu kunisaidia, na kwamba kosa ni letu sote, hata yeye aliyeondoa simu. Nilifuta penseli yake. Nimeandika sheria yenyewe, neno kwa neno, na jina langu, na tarehe yake, nne Desemba. Aliikunja fomu akakaa nayo mkononi muda mrefu. Sijui watanifanya nini, na leo sijali.

25 Desemba

Kanisani sikuimba.

28 Desemba

Nimeondoa sheria, nimeondoa na lile jibu la asante. Taa za antena zinabaki, kazi yake ni nzuri. Taarifa za watu zinasomwa na mtu, naye anawaita kwa redio au simu. Bi Zuhura karudi chumbani kwa ombi langu na kwa amri ya Dokta. Hakuringa. Alipangusa meza, akaniambia beseni limejaa.

Asubuhi nakaa pembeni yake. Nimejifunza kuwa ule ukimya wake wa kujikuna mgongo si uvivu. Anampa mtu nafasi ya kufika kwenye shida yake. Yeye akiharakisha, mtu anakata simu na shida bado iko kifuani. "Ntu hakamuliwi kama chungwa," kaniambia. Dakika kumi na moja. Jana kituo kimoja kilichukua kumi na sita, na mwisho wake tukapeleka boti.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, "Ulikuwa unaniuliza?"

4 Januari

Mto unashuka. Nimemwambia Shabani akienda Namlonde anichukue. Kaniuliza kufanya nini. Nikamwambia, kuwaambia wafiwa.

Alhamisi, 11 Januari

Tumefika saa nne asubuhi. Raheli alikuwa barazani anafua mashuka. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Alinitazama, akakamua shuka, akalitandaza, akaniuliza kama nimekula. Nikaanza kulia, naye akaniambia nisimlilie yeye, twende.

Nyumba ya Amiri iko nyuma ya mikorosho, mwendo wa robo saa. Alikuwa anamenya muhogo, na mama mkwe wake, Bi Somoe, kakaa kwenye mkeka. Tulikaribishwa, tukasalimiana kirefu. Nikawapa pole ya msiba. Wakaniambia ndiyo kazi ya Mungu, wakanishukuru kwa kuja kutoka mbali. Walidhani nimetumwa na hospitali.

Nikawaambia. Nilisema mimi ndiye niliyefunga ile mashine. Ujumbe wa Raheli ulifika asubuhi ile ile, haukupotea, na mvua haina kosa. Mimi niliifundisha mashine kwamba aliyesema salama hana shida. Nilikuwa nimekaa mbele yake tangu asubuhi na sikuusoma. Raheli hakuwadanganya alipowaambia wanakuja, nilimdanganya mimi.

Amiri aliweka kisu chini. Ana umri kama wangu.

"Ulikuwa umekaa hapo hapo?"

"Hapo hapo."

"Na sisi kwenye hicho kioo tunaonekana?"

"Kituo kinaonekana. Kama taa."

"Siku ile, wakati nke wangu anamwaga damu. Taa yetu ilikuwa rangi gani?"

"Kijani," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia. Kisha akamgeukia mama mkwe wake, akamweleza kwa Kimakonde, kwa sauti ya chini, maneno machache sana. Raheli alikuwa anatazama miguu yake.

Bi Somoe aliinuka kwa shida, akaingia ndani. Nilifikiri tumeshafukuzwa, nikaanza kutafuta viatu vyangu. Akatoka na mtoto wa Latifa amefungwa kwenye kanga, akainama, akaniwekea mapajani.

"Nshike shingo," akasema.

Nikamshika. Amiri akarudi kwenye muhogo wake, Raheli akaenda kumsaidia kumenya, na yule mama akakaa tena mkekani, akanyoosha miguu. Nilikaa na mtoto hivyo mpaka mikono ikafa ganzi, na hakuna aliyekuja kumchukua.